Upandikizaji wa Mparachichi Nyumbani: Kusoma Jeraha

Kokwa ya parachichi linaloliwa pamoja na githeri katika hoteli za River Road jijini Nairobi huweza kuota mche wenye afya, lakini kwa kuwa kokwa hiyo mara nyingi hubeba urithi wa miti miwili, tunda la mche huo halitabiriki. Ndiyo sababu mkazi wa Kangemi au Dagoretti anayetaka parachichi la aina ya Hass kwa uhakika hulazimika kupandikiza, yaani kuunganisha kikonyo, kijitawi kilichokatwa kwenye mti bora, na shina la mche. Aina hiyo yenyewe ilitokana na kushindwa: huko California, mche mmoja wa tarishi Rudolph Hass ulikataa vikonyo vya aina ya Fuerte, ukaachwa ukue, na mwaka 1935 akausajilia hataza.

Mche ukifikia unene wa penseli hukatwa kichwa na kupasuliwa, kisha kikonyo kilichochongwa kama kabari hupachikwa ndani na kufungwa kwa ukanda wa plastiki. Kinachoungana ni kambiamu, utando wa chembehai zinazogawanyika ulio chini ya gome. Kwa hiyo kikonyo chembamba kikiwekwa katikati ya shina nene, jambo linalopendeza macho, tando hizo hazigusani popote, ilhali kikisogezwa ukingoni hukutana walau upande mmoja.

Hapa ndipo wanaojifunza hupotoshwa zaidi: kikonyo huweza kuchipua kwa akiba yake ya chakula na maji kabla hakijaungana, kikashangiliwa, kisha kikanyauka. Kukitupa ni hasara kubwa kuliko kufa kwake, kwani jeraha likifunguliwa husomeka. Mkato mkavu usio na kovu huonyesha kwamba tando hazikugusana au hewa ilipenya. Weusi wenye utelezi huashiria maji yaliyoingia au kisu kichafu. Kovu laini upande mmoja tu huthibitisha kwamba mkono ulikaribia kupatia. Jaribio linalofuata libadilishe jambo moja tu, ama sivyo chanzo hakitajulikana. Majira nayo yahesabiwe, maana huko Dagoretti, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800, baridi ya Juni hadi Agosti hupunguza kasi ya kuunda kovu.

Muungano ukishika, ukanda hulegezwa kabla haujakaba shina, na machipukizi yote yanayotokea chini ya kiungo huondolewa mara kwa mara, kwa sababu hayo ni ya kokwa ya awali na hukua kwa nguvu kuliko kikonyo.