Dhahabu 8 za Slovakia: maji yaliyofungwa yanavyozaa mabingwa

Mwaka 1996 kijana wa miaka 17, Michal Martikán, aliipatia Slovakia dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, miaka 3 tu baada ya nchi hiyo kusimama yenyewe. Aliipata akiwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi, kafi moja mikononi, kwenye maji makali ya mto Ocoee katika jimbo la Tennessee, Marekani. Tangu siku hiyo, taifa hilo la watu wapatao milioni 5 na nusu limetwaa dhahabu 8 za Olimpiki katika slalomu ya mitumbwi. Mwaka 2008 kule Beijing, dhahabu zote 3 za Slovakia zilitoka kwenye mchezo huu mmoja.

Nchi ndogo kiasi hicho iliwezaje? Swali hili linatuhusu sisi wa nyanda za kati, maana sehemu kubwa ya jibu imo katika kitu tunachokiona kila tunapopita barabara ya Dodoma kwenda Iringa na kuvuka pale Mtera: maji yaliyozuiwa na binadamu, yanayofunguliwa na kufungwa kwa uamuzi wa binadamu.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mshindani huteremka njia ya mita kati ya 200 na 400, akipita milango 18 hadi 25. Kila mlango ni nguzo zinazoning'inia juu ya maji. Milango ya kijani hupitwa kwa kufuata mkondo. Milango myekundu hupitwa kwa kuupanda mkondo, na hapo ndipo kazi ilipo. Ukigusa nguzo unaongezewa sekunde 2. Ukiruka mlango unaongezewa 50, na hapo matumaini ya medali yamekwisha. Kwenye kayaki mchezaji huketi, miguu mbele, na kafi lake lina mabapa pande zote mbili. Kwenye mtumbwi hupiga magoti na kutumia kafi la bapa moja.

Mtazame bingwa akiuendea mlango mwekundu. Nyuma ya kila mwamba au kizuizi kuna maji yanayorudi kinyume na mkondo. Yeye huielekeza pua ya chombo hadi kwenye mpaka wa maji hayo mawili, huchomeka kafi kwenye yale yanayorudi, kisha huegemea nyuma ili mkia uzame kidogo. Mkondo humsukuma kwa nyuma, maji yanayorudi humvuta kwa mbele, na chombo chenye urefu wa mita 3 na nusu hugeuka mahali pamoja bila mchezaji kupiga kasia hata mara 2. Asiyeujua mpaka huo hutumia mabavu, na mabavu yanakula sekunde. Mpaka wenyewe hauonekani vizuri kwa macho. Unajulikana kwa kupitiwa mamia ya mara, maji yakiwa na nguvu ileile, hadi mwili uanze kuukumbuka.

Ubora huo hupimwa kwa vipande vidogo mno vya muda. Mwaka 1996 Martikán alimshinda Lukáš Pollert wa Jamhuri ya Cheki kwa sekunde 0.14. Kule Athens mwaka 2004 kibao kiligeuka. Aliongezewa adhabu ya sekunde 2 kwa kugusa nguzo, akakosa dhahabu kwa sekunde 0.12 nyuma ya Mfaransa Tony Estanguet. Mguso mmoja wa nguzo ulikuwa na uzito zaidi ya mara 16 ya tofauti iliyowatenga. Miaka 4 baadaye, Beijing, Martikán aliirudisha dhahabu. Katika Olimpiki 5 mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2012, hakuwahi kurudi nyumbani bila medali: dhahabu 2, fedha 2, shaba 1.

Bingwa mmoja anaweza kuwa bahati ya kuzaliwa na kipaji. Slovakia haikuishia kwa mmoja. Pacha Pavol na Peter Hochschorner walitwaa dhahabu ya mtumbwi wa watu 2 mwaka 2000, wakarudia 2004, wakarudia tena 2008. Elena Kaliská alishinda kayaki ya wanawake 2004 na 2008. Mwaka 2016 kule Rio binamu wawili, Ladislav na Peter Škantár, waliongeza dhahabu ya 8. Mabingwa wa namna hiyo wakifuatana kwa miaka 20, lazima nyuma yao kuna mfumo.

Mfumo huo una nguzo mbili. Ya kwanza ni ualimu wa nyumbani. Martikán alifundishwa na baba yake, na pacha wa Hochschorner walifundishwa na baba yao. Mwalimu wa aina hiyo humwona mtoto kila siku, humjua akiwa amechoka na akiwa ametulia, wala habadilishwi kila msimu.

Nguzo ya pili, ambayo kwangu ndiyo iliyobeba nyumba, ni maji ya kuaminika karibu na makazi ya watu. Katika mji wa Liptovský Mikuláš, alikotoka Martikán, kuna njia ya slalomu iliyojengwa kando ya mto Váh. Mtoto anatoka shule, anafika majini, anarudia mlango uleule mpaka jua lizame. Karibu na mji mkuu Bratislava kuna njia nyingine, Čunovo, iliyofunguliwa mwaka 1996. Hii inanigusa zaidi, kwa sababu ni zao la bwawa la umeme. Mwaka 1992 Chekoslovakia, kabla ya kugawanyika, iliuzuia mto Danube pale Čunovo ili kulisha mitambo ya Gabčíkovo. Mradi ule ulizua ugomvi mkubwa na Hungaria, hadi kesi ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Lakini ndani ya kazi hiyo ya saruji na malango ya chuma, kulichongwa pia mifereji ya slalomu. Maji huingia kutoka juu ya kizuizi na kuteremka yenyewe, bila pampu. London, kwa Olimpiki ya 2012, ilibidi ijenge njia inayosukumiwa maji kwa pampu, na kila saa ya mazoezi hapo ina bili ya umeme. Čunovo mlipaji ni mteremko. Mwaka 2011 mashindano ya dunia yalifanyika hapo hapo.

Hata Ocoee, alikoshindia Martikán mara ya kwanza, ni mto wa bwawa. Maji yake huchukuliwa kwenda kuzalisha umeme, na kipande kile cha mto hubaki kikavu mpaka yafunguliwe. Kwa ajili ya mashindano yale waliubana mkondo kwa mawe, wakafungua maji kwa ratiba.

Afrika nayo ina ushahidi wake. Beijing mwaka 2008 Benjamin Boukpeti alitwaa shaba ya kayaki nyuma ya Alexander Grimm wa Ujerumani na Fabien Lefèvre wa Ufaransa, ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Togo. Boukpeti alizaliwa Ufaransa, baba Mtogo, na maji yaliyomlea ni ya Ufaransa. Bendera ilikuwa ya Togo, mfereji ulikuwa wa wengine. Heshima yake haipungui hata chembe, ila inaonyesha kilichokosekana barani.

Jirani zetu Uganda wanatufundisha upande wa pili. Maji ya Nile kuanzia Jinja kushuka chini yaliwavuta wapiga kayaki kutoka kila pembe ya dunia, na vijana wa hapo wakajifunza. Kisha bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilipojazwa maji mwaka 2011, maporomoko ya Bujagali yalizama. Umeme ulihitajika, sibishani na hilo. Nalinganisha michoro tu: Danube ilizuiwa na slalomu ikapata nyumba, Nile ikazuiwa na kayaki ikapoteza maporomoko yake mashuhuri.

Sasa Mtera. Bwawa lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 likiwa ghala la maji ya kulisha mitambo ya Kidatu huko chini. Mwaka 1988 likapata mitambo yake lenyewe, megawati 80. Kiwango cha juu cha maji yake ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na cha chini kwa uzalishaji ni mita 690. Wavuvi wa perege wanaijua mitumbwi tangu utotoni. Lakini bwawani maji yametulia, na slalomu inataka yanayokimbia. Mto ulio chini ya bwawa nao haufai kwa mtoto anayejifunza: maji hupanda na kushuka kufuata mahitaji ya umeme, na viboko na mamba wana makazi yao.

Kinachofaa ni mfereji wa pembeni, wenye kingo za zege na wavu juu na chini. Ukichota maji juu ya bwawa, umeyanyima mitambo, na hakuna mhandisi wa TANESCO atakayekubali wakati wa kiangazi. Chota baada ya mitambo, maji yakishamaliza kazi yake ya umeme. Mita za ujazo 10 kwa sekunde zikiteremka mita 6 zina nguvu ya takriban kilowati 590, chini ya asilimia 1 ya uwezo wa Mtera, na zote hurudi mtoni bila tone kupotea. Mahali hasa watapaonyesha wapimaji.

Tanzania ina medali 2 za Olimpiki, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui. Tumeendelea kuitafuta ya 3 barabarani na uwanjani, na tuendelee. Ila mabwawa bado tunayajenga, na ya zamani yanafanyiwa ukarabati. Gharama ya mfereji ni ndogo kuliko zote siku mashine za kuchimba zikiwa bado uwanjani na mkandarasi hajafunga kambi. Basi Baraza la Michezo la Taifa na Wizara ya Nishati wakae meza moja kabla mchoro haujapigwa muhuri. Slovakia mfereji ulichongwa ndani ya kazi ya bwawa, na hesabu yao ni dhahabu 8.