Kitabu cha Jemadari na Wafu wa Tanga

Kitabu cha Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck juu ya vita vya Afrika ya Mashariki kilitolewa mwaka 1920, na hata leo kinasifiwa. Mimi nakisifu pia, ila si chote. Natwaa sehemu moja tu, ile ya Tanga.

Tarehe 2 Novemba 1914, siku ambayo Kanisa linawaombea Marehemu wote, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika Tanga, ikautaka mji ujitoe. Mji ulikataa. Ndipo zikaja merikebu zenye askari wapata 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jemadari Aitken. Usiku wakaanza kushuka Ras Kasone, na kulipokucha wale wa kwanza wakarudishwa nyuma. Lettow-Vorbeck akaleta watu wake kwa reli kutoka Moshi, wote pamoja wapata 1,000 tu, na mwenyewe akapita mjini gizani kwa baiskeli ili aone. Tarehe 4 Waingereza waliingia hata mjini, wakapigwa ubavuni, wakakimbilia pwani. Kesho yake walipanda merikebu, wakaacha nyuma bombomu 16 na risasi mamia ya maelfu.

Hayo yote mwandishi anayaeleza vizuri, kwa maneno machache. Tena ni mkweli. Tazameni habari ya nyuki. Ilivuma kwamba Wadachi waliwafundisha nyuki kuwashambulia adui. Mwingine angalinyamaza apate sifa ya bure. Yeye anasema nyuki haohao waliwafukuza watu wake pia kwenye bombomu zao, saa ile ya haja kubwa. (Kiswahili chetu kina neno moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha ya manowari. Siku ile Tanga ilipata yote mawili.)

Lakini nilipofika penye hesabu ya wafu nilisimama. Wazungu wapata 15, na hapo anamtaja kwa heshima Kapteni Tom von Prince, ambaye watu walimwita Sakarani. Halafu askari weusi na wachukuzi wa bombomu, 54. Basi, anaendelea na habari nyingine. Hamsini na wanne, wala jina moja!

Mtu atasema kitabu si daftari. Kweli. Lakini jeshi lililipa mishahara, na mshahara haulipwi kwa mtu asiye na jina. Mwandishi anawasifu askari wake mara nyingi, nami sidhani anadanganya. Ila sifa ya kundi zima haimfikii mama wa mtu.

Wala tusiwacheke Wadachi. Sisi wa Kongo tuna Tabora yetu, iliyotwaliwa tarehe 19 Septemba 1916. Jemadari Tombeur alipewa cheo cha baron, na jina la Tabora likaungwa na lake. Askari na wapagazi waliomfikisha huko, ni nani kati yetu awezaye kutaja watano?

Kila Novemba, hapa Kisangani, wakristo huleta karatasi za majina ya marehemu wao. Kuzisoma kunachukua muda mrefu, watoto wanasinzia, wazee wanakohoa. Bado sijasikia padri akisoma, “na wengine 54.”