Nafasi Kati ya Elektrodi Mbili

Wavuvi wa Wagenia, hapa Kisangani, hushusha vikapu vyao vikubwa ndani ya maporomoko, vikining'inia kwenye miti iliyosimikwa maweni. Fito za kikapu ziachane kiasi gani? Kiasi cha maji kupita na samaki kubaki. Mvuvi hahitaji rula. Lakini andika hivyo kwenye dai la hataza uone: wakili wa mpinzani atataka sentimita.

Ubishi wa aina hiyo ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014, kampuni ya Nautilus ikishindana na kampuni ya Biosig kuhusu hataza ya kipima mapigo ya moyo kinachoshikwa kwa mikono miwili mtu akifanya mazoezi. Kila mkono hugusa elektrodi mbili, na dai lilisema tu ziwe na nafasi kati yake. Nafasi gani? Jaji wa kwanza aliona haieleweki, akalibatilisha dai. Majaji wa rufani wakalirudisha, wakitumia kipimo kilichosamehe kila neno isipokuwa fumbo lisilofumbulika kabisa. Mahakama ya Juu, kwa kauli moja na kwa kalamu ya Jaji Ruth Bader Ginsburg, ikakikataa kipimo hicho: dai lazima limpe mjuzi wa fani uhakika wa kuridhisha kuhusu mipaka ya uvumbuzi. Kesi ikarudi rufani.

Kazi waliyoifanya majaji wa rufani mwaka 2015 naipenda sana. Hawakuliongezea dai neno hata moja. Walilisoma tu, pamoja na michoro na maelezo yake. Mkono mmoja lazima uguse elektrodi zote mbili, basi nafasi haiwezi kuzidi upana wa mkono. Zikikaribiana mno zinageuka elektrodi moja, basi haiwezi kuwa karibu na sifuri. Katikati ya mipaka hiyo, kazi ya chombo ndiyo inayoamua. Misuli hutoa umeme unaovuruga ule wa moyo, na chombo kinapaswa kusawazisha umeme wa misuli ya kushoto na ya kulia hadi ufutane. Vipimo vilivyowasilishwa hataza ilipokaguliwa upya vilionyesha kwamba fundi wa fani hiyo anaweza kujaribu nafasi mbalimbali, akitazama mawimbi kwenye mashine, mpaka aipate inayofaa.

Dai likasimama. Wapo wanaosema mwandishi wake angetaja milimita tu, yaishe. Siafikiani nao: mwigaji angeongeza milimita moja, akachukua uvumbuzi wote bila kulipa.