Milinganyo haiwezi kuwa 'sambamba' na bado ikakutana

Mistari sambamba haikutani. Hilo ndilo jambo la kwanza analofunzwa mtoto kuhusu neno hilo, na mfano wa reli hurudiwa hadi akachoka. Basi nashindwa kuwaelewa wenzetu wanaochukua milinganyo miwili, wakaitafutia mahali inapokutana, kisha wakaiita "milinganyo sambamba". Wanaolikataa jina hilo nao huleta "milinganyo ya wakati mmoja", ambalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Majina yote mawili yanaiharibu hesabu yenyewe, ilhali Kiswahili kina neno lililo bora kuliko hayo.

Tuanze na madhara. Huko Mkwiro, kisiwani Wasini, niliketi na kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akifanya marudio. Nyumbani husema Chifundi, darasani husoma hesabu kwa Kiingereza, na Kiswahili sanifu hukutana nacho katika somo la Kiswahili tu. Daftarini mwake mlikuwa na milinganyo hii: y = x² – 4x + 5, na y = –x² + 2x + 1. Ukiichora, wa kwanza ni tao lililokaa kama bakuli, na wa pili ni tao lililofudikizwa kama kawa juu ya sinia. Kijana akaandika haraka:

x² – 4x + 5 = –x² + 2x + 1

Nikamuuliza, "Mbona umeziweka sawa?"

"Mwalimu, si ndivyo inavyofanywa?"

Majibu aliyapata, na mtihani angepita. Lakini "ndivyo inavyofanywa" ni jibu la mtu aliyepewa hatua akanyimwa maneno. Sababu yenyewe ni nyepesi. Kila nukta ya tao la kwanza ina y inayopatikana kwa kanuni ya kwanza, na kila nukta ya tao la pili ina y ya kanuni ya pili. Pale yanapokutana, nukta ni moja, mali ya wote wawili. Kwa hiyo x ni ile ile na y ni ile ile, na kanuni mbili zinazotoa y hiyo moja haziwezi kutofautiana hapo. Ndiyo maana tunaziweka sawa, na ndiyo maana usawa huo ni wa mahali hapo tu.

Hebu sasa lipime jina la "wakati mmoja" katika mkondo wa Wasini. Mashua inavuka asubuhi kutoka Mkwiro kwenda Shimoni. Jioni ngalawa inapita mkondo ule ule ikitoka Funzi kuelekea Vanga. Njia zao zimekatana, ila vyombo havikuonana kamwe. Matao ya kijana wetu ni njia, wala si vyombo, na hayana saa. Anayemwambia mwanafunzi "wakati mmoja" anampa jambo la kutafuta ambalo halimo kwenye swali.

Neno ninalolitaka limo katika jina la kitabu. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake limebeba maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. La kwanza lilizunguka Ulaya, likaturudia na suti yake kama "aljebra". La pili lilifika pwani yetu bila kupitia huko: ni mkabala, kabili, kabiliana. Uliza mzee yeyote wa Mkwiro Shimoni iko wapi, atakuonyesha ng'ambo: iko mkabala.

Na kazi ya maneno hayo mawili ndiyo kazi ya daftari lile. Jabri ni kurudishia kilichopunguzwa: ongeza x² na 4x pande zote mbili, upate 2x² + 5 = 6x + 1. Mukabala ni kukabilisha vitu vya jinsi moja vilivyo pande zote na kuviondoa kwa kiasi sawa: 1 inakabili 5, inabaki 2x² + 4 = 6x. Gawa kwa 2: x² + 2 = 3x. Al-Khwarizmi aliijua sura hii ya mlinganyo na akaeleza dawa yake. Nusu ya 3 ni 1.5, mraba wake 2.25, toa 2, inabaki 0.25, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.5. Ongeza na upunguze: x ni 2 au 1. Matao yanakutana kwenye (1, 2) na (2, 1).

Al-Khwarizmi alionya pia kwamba mraba ule ukilingana na namba, jibu ni moja, na ukipungua, hakuna jibu. Hapa Kiswahili kinapata raha yake. Liinue tao la kwanza kwa nusu, namba ile ya 2 iwe 2.25: matao yanagusana tu, x ikiwa 1.5. Liinue kwa 1 kamili, namba iwe 2.5: yanapishana. Kukatana, kugusana, kupishana. Vitenzi vya kila siku, na vinatofautisha hali tatu ambazo vijana hukaririshwa kwa fomula isiyo na picha. Kwa nini basi tuzirundike zote chini ya "sambamba"?

Najua nitaambiwa wanaisimu wamekwisha kulichukua neno "mkabala" kwa maana ya namna ya kulitazama jambo. Sawa, lakini neno "mzizi" linatumika kwa mti, kwa sarufi na kwa hesabu, na sijasikia mkulima akilalamika. Kinachonitia shaka zaidi ni jozi ya kipeo na kipeuo, maneno yenye maana kinyume yaliyotenganishwa na herufi moja. Huko marekebisho yamechelewa mno. "Milinganyo ya mkabala" haina hatari hiyo.

Kuna mahali vitenzi vyangu vitatu vinachechemea, nalo ni kwenye kipeo cha tatu. Mstari wa y = x³ unapofika kwenye mhimili wa x huulalia kabisa, kama unaougusa, kisha hutokea upande wa pili. Umegusa na umekata papo hapo. Kwa sasa nasema "unagusa ukipenya", na mwenye kitenzi kimoja cha kubeba yote mawili anipelekee.