Ishara za Wakati katika Habari za Machimbo

Msimulizi wa mdomo ana uso wa kukunja na sauti ya kushusha. Mwandishi wa gazeti, ambaye hana hata kimoja katika hivyo, aghalabu huuweka wakati mahali pa hivyo viwili, na ushahidi bayana tunao katika habari za machimbo ya dhahabu.

Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo la Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, liliwafukia wachimbaji wadogo, na tarehe 15 Novemba watano wakaopolewa wangali hai, baada ya kuishi kwa mizizi, mende, vyura na maji machafu yaliyochuruzika kutoka juu. Muda ni ule ule kwa kila ibara, lakini taathira yake si moja: akiandika "tangu Oktoba 5", mwandishi humwachia msomaji kazi ya karani, atafute kalenda na kujumlisha, akiandika "zaidi ya mwezi", sauti yake ni ya mtu aliyekwisha choka, bali akiandika "siku 41", kila siku husimama peke yake, na giza lake na njaa yake, hata msomaji akashusha pumzi pasi na kuambiwa kwamba jambo hili ni la ajabu.

Huko Nyarugusu, Geita, Januari 2017, wachimbaji 15, mmoja wao Mchina, walifukiwa Alhamisi wakatolewa Jumapili. Hapo majina ya siku yalitosha, maana msomaji aliyekuwa sokoni Alhamisi, msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili alijua muda wote huo wenzake walikuwa chini.

Saa nayo ina hatari yake. Taarifa ikiandikwa 02:00, na mwandishi kwa haraka akaweka "saa 2 usiku" badala ya saa nane, amekwisha kuwahamisha watu: saa mbili watu wako kwenye chakula, ilhali aliye shimoni saa nane ni mtu wa zamu, na msomaji ana haki ya kuuliza nani alimruhusu kuteremka. Kadhalika "hadi tunakwenda mitamboni", ibara niipendayo kwa kuwa humwonyesha mwandishi angali amesimama penye shimo, ni uongo akiiandika mtu aliyekwisha rudi mjini tangu adhuhuri.

Ibara mbovu kupita zote ni "hivi karibuni". Enyi waandishi wa Shinyanga na Geita, afisa akiwaambieni kwamba uchunguzi utakamilika hivi karibuni, muulizeni tarehe, nanyi akiitaja ichapeni.