Zizi la farasi na jumba la Kawele

Kila picha za Kawele zikipita hapa, tunalilia marumaru ya Mobutu yenye iliporwa mu 1997. Ndugu zangu, mie naona machozi hayo yanapotea bure. Kule Buxton, Uingereza, Duke wa Devonshire alijenga zizi kubwa la farasi mu karne ya 18. Kuanzia 1859 sehemu kubwa yake ikawa hospitali ya maskini. Baadaye ikawa kampasi ya chuo kikuu. Watu waliuliza nani anahitaji paa. Siye wengine banasema: tufanye makumbusho. Mtalii atafika kwa barabara gani? Mie ningeanza na darasa moja na bomba la maji, ndani ya kuta zenye zingali zimesimama. Bainjinia wetu, munasema nini?