Mjuzi wa Mawe wa Mkuyuni

Mkuyuni, jijini Mwanza, mawe ni mengi hata hayatazamwi tena. Matale yamesimama juu ya mabati ya watu, yameegemewa na kuta za nyumba, yameanikwa nguo na dagaa. Akina mama wanayavunja kokoto, watoto wanayateleza. Umri wake unapita miaka bilioni mbili na nusu, na hakuna anayeyaamkia. Mahali kama hapa, mtu anayeokota jiwe na kulitia mfukoni huonekana ana kasoro.

Hata hivyo waokotaji wapo, na jiwe likiwashinda hulipeleka kwa mzee mmoja, mstaafu wa kazi za mgodini, anayekaa nje ya nyumba yake kuanzia alasiri. Jina lake silitaji. Hapendi kujaziwa wageni.

Nilikuwapo siku kijana mmoja alipofika na kitu cheusi, kizito, ndani ya mfuko wa sandarusi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Lete tulione."

Jibu kijana alikuwa nalo tayari: kimondo. Alikuwa amelipiga picha, simu ikampa jina hilo pamoja na bei ya gramu moja. Alichotaka kwa mzee ni kuungwa mkono tu.

Mzee hakuiangalia simu. Alilipakata jiwe, akalihamisha mkono hadi mkono, akanyamaza. Kisha akaanza kuuliza, na hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe. Limetoka wapi? Shambani kwa wajomba, upande wa Geita. Lilikuwa juu ya ardhi au chini? Jembe lililigonga. Lilikuwa peke yake? La, yapo mengine, yametapakaa karibu na kichuguu kikubwa. Kijana alijibu haraka haraka, kama anayepotezewa muda. Mzee yeye alikuwa ameshafika nusu ya safari kabla hajagusa kifaa chochote.

Vifaa vyake navyo ni vya kuchekesha: sumaku iliyofungwa kwenye uzi, kipande cha kigae, msumari, lenzi yenye ufa, nyundo ndogo. Sumaku ilisogea kidogo tu, ikarudi. Kijana akatabasamu. Mzee akalimwagia jiwe maji, akaligeuza juani, akamwonyesha mahali uso wake ulipochuruzika ukagandia njiani. Halafu akagonga pembe moja. Ndani kulikuwa na mng'ao wa kioo cheusi, na vitundu vingi kama vya mkate.

"Hili halikuanguka," alisema. "Hili limepikwa. Ni mavi ya chuma."

Vimondo vya chuma havina vitundu hivyo. Kile cha Mbozi, chenye uzito wa tani zipatazo 16, ni bonge la chuma na nikeli, na sumaku huking'ang'ania bila kusitasita. Jiwe la kijana lilikuwa taka ya tanuri: uchafu uliotengana na chuma pale mawe ya madini yalipoyeyushwa kwa makaa na mivuo. Kichuguu nacho kilikuwa ushahidi, maana wafua vyuma wa nchi hizi walipenda udongo wa kichuguu kujengea tanuri. Haupasuki ovyo kwa moto.

Warongo waliyeyusha chuma pande hizo za Geita na Biharamulo, na majembe yao yalilima mashamba ya mbali. Upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa Wahaya, kazi hiyo ina umri unaokaribia miaka 2,000 au kuipita. Katika miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wawashe tena tanuri, nao wakalazimika kukumbushana, kwa kuwa majembe ya dukani yalikuwa yameshaizima mioto yao zamani. Kwa hiyo kijana alikuwa ameshika kazi ya mikono ya watu, pengine ya babu zake mwenyewe. Alipoambiwa haina bei, aliliacha jiwe kibarazani akaenda zake.

Hilo ndilo linaloniuma. Hamu ya jina na bei imekula hamu ya kujua. Mawe ya buluu ya Merelani yalipoanza kuokotwa mwaka 1967, walioyaona walidhani ni yakuti. Ilibidi yapimwe kwa subira hadi ikajulikana ni madini ya zoisaiti, ndipo dunia ikapata tanzanaiti. Picha ya simu haipimi uzito, haikwaruzi, haina pua ya kunusa udongo, wala haiulizi kichuguu kilikuwa wapi. Na mzee huyu hana mwanafunzi. Wajukuu wake wanamwona anacheza na mawe.

Ewe msomaji uliye na jiwe dirishani usilolijua: usilioshe kwa brashi ya chuma, usilipasue ulione ndani. Andika kwenye karatasi mahali ulipoliokota, kina chake na vilivyokuwa jirani nalo, uifunge karatasi pamoja na jiwe. Ukimkosa mzee, wapelekee Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Nao watakuuliza kwanza ulilitoa wapi.